Folda Ipo, Ila Kompyuta Inasema Haipo

Kuna sentensi moja fupi ya Windows ambayo kila mwisho wa muhula huwapandisha watu presha bure: “No items match your search.” Umeandika jina la folda ya utafiti wako, folda uliyoifungua juzi tu, na kompyuta inajibu kwa utulivu kabisa kwamba hakuna kitu kama hicho. Sura ya tatu inatakiwa kwa msimamizi kesho kutwa. Hapo mtu huanza kufanya mambo yatakayomgharimu. Mmoja anaanza kuandika upya. Mwingine anamaliza bando kupakua programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa. Wa tatu anabeba laptopu kwa fundi, na fundi akisikia “mafaili yamepotea” anashauri kupiga Windows upya. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu folda iliyokuwa imejificha tu sasa inaweza kupotea kwelikweli.

Makala hii inahusu hali hiyo moja: folda ipo kwenye diski, nzima kabisa, ila utafutaji hauioni. Nitazungumzia zaidi Windows 10 na 11 maana ndizo zilizojaa huku kwetu. Wenye Mac na Linux nitawagusa mwishoni.

Unapotafuta, kompyuta haiangalii diski

Wengi tunadhani ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta inaanza kupekua diski nzima, folda baada ya folda. Ingekuwa hivyo, ungeandika neno, ukaenda kula, ukarudi bado inazunguka. Kinachofanyika ni kitu kingine. Kompyuta inatazama faharasa, yaani orodha iliyotengenezwa mapema inayosema neno fulani limo kwenye faili gani na faili hilo liko wapi.

Ni kama maktaba. Ukimuuliza mkutubi kitabu, haendi kupita rafu zote, anaangalia katalogi. Kitabu kikiwa hakijaandikwa kwenye katalogi, mkutubi atakwambia hakipo, na wala hakudanganyi, ndivyo daftari lake linavyosema. Lakini kitabu chenyewe kimekaa rafuni na vumbi lake.

Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 kazi ya kuandika katalogi hiyo hufanywa na huduma iitwayo Windows Search, inayoendelea kimyakimya nyuma ya pazia. Mara ya kwanza inapita kwenye folda zilizo katika orodha yake na kusoma kila kitu. Baada ya hapo haipiti tena upya. Diski ya aina ya NTFS ina daftari la mabadiliko, kwa hiyo ukihifadhi faili jipya huduma inaona taarifa na kwenda kulisoma hilo tu. Na ina adabu: ukiwa unatumia kompyuta kwa kazi nzito inapunguza mwendo, na ukiwa unatumia betri inaweza kusimama kabisa. Ndiyo maana laptopu ambayo inawashwa dakika ishirini, inafunikwa, inawashwa tena baada ya umeme kurudi, inaweza kuwa na faharasa iliyoko nyuma siku kadhaa.

Neno la muhimu katika maelezo hayo ni “folda zilizo katika orodha yake”. Faharasa haijawahi kuahidi kuijua kompyuta yako yote. Folda nyingi “zinazopotea” hazikuwahi kuandikwa humo hata siku moja.

Kwanza hakikisha kwamba ipo

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, uliza diski yenyewe bila kupitia faharasa. Bofya Start, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi, kisha andika:

dir C:\*utafiti* /s /b /a

Weka neno lako badala ya “utafiti”, na nyota zake pembeni zibaki. Herufi s inaiambia iingie kwenye folda zote za ndani, b inaiambia ikupe njia kamili bila mapambo, na a inaiambia ionyeshe hata vilivyofichwa. Itachukua muda, iache. Ikimaliza, rudia kwa D:\ kama laptopu yako ina D, na kwa herufi ya fleshi kama imechomekwa.

Kipimo hiki kinagawa tatizo katikati. Kama dir inaionyesha folda na utafutaji hauionyeshi, basi umeshapumua: kazi yako ipo, mgonjwa ni faharasa. Njia kamili unayo mbele yako, nenda ukaifungue folda, nakili kazi mahali pa pili, ndipo uendelee na ukarabati. Kama dir nayo haioni kitu kwenye diski zote, hilo ni tatizo la aina nyingine (jina umelikosea, ulihifadhi kwenye akaunti nyingine, au kweli limefutwa) na sehemu kubwa ya makala hii haitakusaidia. Ila usipige Windows.

Diski D, mgeni asiyejulikana

Sababu ninayoiona ndiyo inayoongoza kwenye laptopu zetu inatokana na busara ya mafundi. Ukinunua laptopu ya mkono wa pili, mara nyingi fundi ameshagawa diski vipande viwili: C ya Windows na D ya “mambo yako”. Nia yake ni njema, maana siku Windows ikifa atapiga upya C na D itabaki salama. Basi mwanafunzi mwenye akili anaweka noti, ripoti ya fildi, picha na utafiti vyote kwenye D.

Tatizo ni kwamba faharasa, isipoguswa, kimsingi inaandika vilivyo chini ya jina lako ndani ya C:\Users: Documents, Desktop, Pictures, Music na wenzao. D haimo. Kwa hiyo yule aliyefanya jambo sahihi la kutenga kazi zake ndiye utafutaji unayemwambia hana kitu.

Halafu kuna kichekesho kinachowachanganya watu. Ukitafuta kutoka Start, folda haionekani. Ukifungua D kwenye File Explorer na kutafuta humohumo, inaonekana, ila polepole, na kile kimstari cha kijani juu kinatambaa. Ni kwa sababu mahali pasipo na faharasa Explorer inalazimika kupekua yenyewe, na hapo kwa kawaida inaangalia majina tu. Maneno yaliyomo ndani ya faili haiyasomi. Swali moja, sehemu mbili, majibu mawili. Mtu anahitimisha kwamba kompyuta ina virusi.

Dawa yake haichukui dakika tano. Bofya Start, andika Indexing Options, fungua. Juu utaona idadi ya vitu vilivyoandikwa na kama kazi imekamilika au bado inaendelea. Chini yake ipo orodha ya sehemu zinazoandikwa. Bofya “Modify”, tafuta D kwenye mti wa folda, uweke tiki. Kama D imejaa sinema na tamthilia, usiweke D nzima. Ifungue na utiki folda ya masomo pekee. Bofya OK, chomeka chaja, iache ifanye kazi.

Ipo pia njia ya pili, iliyoletwa na toleo la 1903 la Windows 10 mwaka 2019. Kwenye mipangilio, sehemu ya “Searching Windows” (kwenye Windows 11 ipo ndani ya “Privacy & security”), utakuta chaguo mbili: “Classic” na “Enhanced”. Ya kwanza ni ile ya kawaida. Ya pili inaandika kompyuta nzima. Kwa laptopu yenye diski ya SSD na RAM ya kutosha, chagua ya pili tu na usahau. Kwa mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, mimi ningebaki na ya kwanza na kuongeza folda moja moja. Na wakati uko hapohapo, shuka chini utazame orodha ya folda zilizotengwa zisiandikwe. Wakati mwingine folda yako imo kwenye orodha hiyo, imewekwa na mtu aliyekuwa anataka kuongeza kasi ya mashine kabla hujainunua.

Documents mbili kwenye kompyuta moja

OneDrive inastahili aya zake. Ukiingia kwenye Windows kwa akaunti ya Microsoft, iwe yako au ya chuo, ipo siku itakuuliza kama unataka kuhifadhi nakala ya folda zako. Unabofya ndiyo bila kusoma, kama wote. Kuanzia hapo Documents, Desktop na Pictures zinahama kutoka C:\Users\jina lako kwenda C:\Users\jina lako\OneDrive. Kwa macho hakuna kilichobadilika, maana Windows inakuonyesha Documents ileile kwa jina lilelile.

Shida huanza siku unapozima huduma hiyo, labda kwa sababu ile nafasi ya bure ya GB 5 imejaa. Documents inarudi mahali pake pa zamani, lakini mafaili yanaweza kubaki kule kwenye folda ya OneDrive. Unafungua Documents, tupu. Moyo unakudunda. Ukiona aikoni iliyoandikwa “Where are my files”, ndiyo inayokuelekeza, wala si ya kufuta. Fungua C:\Users, kisha jina lako, kisha OneDrive, na Documents ya pili utaikuta humo.

Jambo lingine la OneDrive: faili lenye alama ya wingu pembeni halipo kwenye laptopu, lipo kwenye seva. Jina lake utalipata ukitafuta, lakini maneno yaliyo ndani yake faharasa haiwezi kuyasoma mpaka faili lishuke. Bila bando, hata kulifungua huwezi. Bofya kulia kwenye folda ya utafiti na uchague “Always keep on this device”, kisha subiri wingu ligeuke duara la kijani lenye tiki.

Mafaili yanayoishi AppData

Rafiki amekutumia PDF ya mhadhiri kwenye WhatsApp ya laptopu. Umeibofya, ikafunguka, ukaisoma, ukaandika maoni pembeni, ukahifadhi. Imehifadhiwa wapi? Programu nyingi zinazotoka kwenye duka la Microsoft huweka vitu vyao ndani ya folda iitwayo AppData, ambayo imefichwa na ambayo faharasa huiruka kwa makusudi, kwa sababu humo mna maelfu ya mafaili ya programu ambayo hakuna binadamu anayeyatafuta. Kiambatisho ulichofungua moja kwa moja kutoka Outlook nacho huishia humo, na hata rasimu za Word ambazo hukuwahi kuzihifadhi hukaa humo, kwenye folda iitwayo UnsavedFiles.

Kwa hiyo ukikosa faili ambalo uhakika unao kwamba ulilihariri, na asili yake ni barua pepe au WhatsApp, fungua File Explorer, andika %localappdata% kwenye mstari wa anwani, bonyeza Enter, na utafute hapohapo ukiwa ndani. Itatafuta kwa kupekua, kwa hiyo vumilia. Ukilipata lihamishe. Usiombe faharasa iandike AppData nzima. Utajaza majibu takataka na mashine itahema. Dawa ya kudumu ni kutumia “Save As” kwanza, ndipo uanze kuhariri.

Fleshi, na folda zilizogeuka njia za mkato

Fleshi kwa kawaida hazimo kwenye faharasa, na sababu inaeleweka: leo ipo, kesho iko mfukoni mwa mwenzako. Diski kubwa ya nje unaweza kuiongeza mwenyewe kupitia Indexing Options kama inakaa imechomekwa muda mwingi. Fleshi, tafuta ukiwa umeifungua yenyewe.

Lakini kuna folda za fleshi ambazo hazionekani hata kwa macho, achilia mbali utafutaji. Umechomeka fleshi kwenye kompyuta ya steshenari ukachapishe, ukirudi chumbani unakuta kila folda imegeuka njia ya mkato yenye kale kamshale, au hakuna kitu kabisa. Bofya kulia kwenye fleshi uangalie Properties: kama inasema nafasi iliyotumika ni GB 6, basi GB 6 zako zipo. Kirusi kimezipa folda sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale ili ukibofya ukiamshe.

Usibofye hizo njia za mkato. Ichunguze fleshi kwa kinga ya virusi kwanza, hata ile Defender inayokuja na Windows, kisha fungua dirisha la cmd na uandike, ukiweka herufi halisi ya fleshi yako badala ya F:

attrib -h -s -r /s /d F:\*.*

Amri hii inaziondolea folda zile sifa zilizobandikwa. Folda zinarudi, njia za mkato unazifuta. Hakuna haja ya kumlipa mtu kwa amri ya mstari mmoja, na kufomati fleshi kabla ya kujaribu hili ni kuchoma nyumba kumfukuza panya.

Zile video za “ongeza kasi ya laptopu yako”

Hapa nina ugomvi kidogo. Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni miaka nenda miaka rudi: zima Windows Search, ondoa tiki ya faharasa kwenye diski C, laptopu itaruka kama ndege. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka tofauti inaweza kuonekana, sikatai. Ila anayekupa ushauri huo hakwambii utakachokosa, na miezi sita baadaye unapotafuta folda hukumbuki tena ulifanya nini.

Kwa hiyo kagua mambo mawili. La kwanza, bofya Start, andika services.msc, shuka mpaka Windows Search. Inatakiwa iwe inafanya kazi, na aina ya kuanza iwe “Automatic (Delayed Start)”. Ikiwa “Disabled”, umepata mchawi wako. La pili, bofya kulia kwenye diski C au D, chagua Properties, uone chini kabisa kama ipo tiki kwenye mstari unaoanza na “Allow files on this drive to have contents indexed”. Folda moja moja nayo ina tiki ya aina hiyo, ukibofya “Advanced” ndani ya Properties zake. Tiki ikiondolewa jina la faili bado linaweza kupatikana, ila maneno yaliyo ndani yake hayaandikwi. Dalili yake ni hiyo hasa: ukitafuta jina la faili unalipata, ukitafuta sentensi unayokumbuka umo ndani yake hupati.

Dalili hiyohiyo ina sababu nyingine isiyohusiana na tiki yoyote. PDF nyingi za mitihani iliyopita tunazogawana ni picha. Mtu kapiga karatasi kwa simu, akazibana kuwa PDF. Windows za sasa zinajua kusoma maneno ya PDF, lakini kwenye picha hakuna maneno ya kusoma. Kipimo: jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuchagulika, ni picha. Unaweza kuipandisha Google Drive na kuifungua kwa Google Docs, itajaribu kuyageuza maneno ya kwenye picha kuwa maandishi. Wanaopenda kufanya kazi bila intaneti wana Tesseract, programu ya bure ambayo ina data ya lugha ya Kiswahili pia. Na vitu vilivyobanwa ndani ya zip vifungue kwanza, kisha ndio uvitafute.

Kiswahili na mwanzo wa neno

Jambo hili sijaona likizungumzwa, na linatuhusu sisi kuliko watu wengine. Faharasa ya Windows hulinganisha neno kuanzia mwanzo wake. Ukiandika “teach”, inakuletea teacher, teaching na teaches, kwa sababu zote zinaanza na herufi hizohizo. Kiingereza huongeza vitu mwishoni mwa neno, na programu hii inafuata tabia hiyo.

Kiswahili chetu hubadilisha mwanzo. Ripoti yako imeandika “wanafundisha”, “ilifundishwa”, “kufundisha”. Ukitafuta “fundisha” kama neno lililo ndani ya faili, hakuna hata moja kati ya hayo linaloanza na f-u-n-d-i. Jibu: hakuna. Nomino nazo ni hivyohivyo: ukitafuta “kitabu” hupati faili lililoandika “vitabu” pekee, na “mtaala” haileti “mitaala”. Mwanafunzi wa idara ya Kiswahili anaweza kukaa saa nzima akiamini faharasa imekufa, kumbe inafanya kazi vizuri kwa lugha isiyo yake.

Kwa majina ya mafaili kuna upenyo, weka nyota mbele: *fundisha. Kwa maneno ya ndani, tafuta umbo halisi unaloamini uliliandika, au chagua maneno yasiyobadilika mwanzo: jina la mtu, jina la mkoa, mwaka, neno la kitaalamu. Na unapotaja folda, weka mbele neno ambalo utalikumbuka. “Utafiti 2025 Morogoro maji” itapatikana kwa neno lolote kati ya hayo manne. “Final final kabisa” inapatikana pia, lakini zipo tano.

Kuijenga upya

Ukiuliza tatizo hili popote, jibu la kwanza utakalopewa ni “jenga upya faharasa”. Mimi naliweka mwisho. Kujenga upya kunafuta katalogi yote na kuiandika tena kutoka mwanzo, kwa orodha ileile ya folda. Kama D haikuwemo kwenye orodha, haitakuwemo hata ukijenga mara kumi. Fanya hivyo pale tu ambapo folda imo kwenye orodha, tiki zipo, huduma inafanya kazi, Indexing Options inasema imekamilisha, na bado folda haionekani. Hapo faharasa yenyewe imeharibika, jambo ambalo laptopu inayozimika ghafla betri ikiisha inaweza kulipata.

Ingia Indexing Options, bofya “Advanced”, kisha “Rebuild”. Mafaili yako hayaguswi, kinachofutwa ni katalogi tu. Inaweza kuchukua saa nyingi, na katikati ya kazi majibu yatakuwa nusunusu, kwa hiyo usianze usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Iwashe ukienda kulala, chaja ikiwa imechomekwa na usingizi wa mashine umezimwa.

Kwa wenzetu wa kompyuta: Microsoft wenyewe wanasema faharasa ikizidi vitu 400,000 unaweza kuanza kuona uzito. Miradi michache yenye node_modules ndani yake inakusogeza huko bila wewe kuandika mstari hata mmoja wa maana. Zitenge folda hizo zisiandikwe, na ripoti yako itaandikwa mapema zaidi.

Na wasiotumia Windows

Kwenye Mac, kazi hii hufanywa na Spotlight, iliyoanza mwaka 2005. Folda ikikosekana, angalia orodha ya faragha kwenye mipangilio ya Spotlight; kilichomo humo hakitafutwi. Mbinu ya kujenga upya ni ya ajabu kidogo: iweke folda au diski kwenye orodha hiyo, subiri kidogo, kisha iondoe, na Spotlight itaiandika tena. Kwenye Linux yenye GNOME, folda yenye .git ndani yake kwa kawaida hurukwa, hivyo anayeandika tasnifu kwa LaTeX na kuitunza kwa Git asishangae. Wenye KDE waandike balooctl status waone faharasa yao imefika wapi, na kama Plasma yao ni ya 6, amri ni balooctl6.

Kuna programu moja ya bure ya Windows iitwayo Everything, ya voidtools, ambayo napendekeza kwa yeyote mwenye diski za NTFS. Haitumii faharasa ya Windows kabisa. Inasoma orodha kuu ya mafaili ya diski yenyewe, C na D zote, na inaleta majina kadiri unavyoandika, hata herufi zikiwa katikati ya neno. “fundisha” itakuletea “wanafundisha.docx” papo hapo. Maneno yaliyo ndani ya faili haiyaandiki isipokuwa uiombe, ila kwa kutafuta folda iliyopotea, ambayo mara nyingi unachokumbuka ni kipande tu cha jina, ni nyepesi na hata laptopu ya GB 4 inaimudu.